Trekta ya Kupanda Sary-Bet

Juni ilipoingia, nyasi za mlima wa Sary-Bet zilikuwa zimefika magotini, maua yake ya rangi ya waridi yameanza kuchanua, na nyumbani kwa Ryskeldi hapakuwa na kitu cha kuzikatia. Kila asubuhi mzee huyo alijikokota na magongo yake mpaka kwenye uzio, akavitazama vilima vyake vilivyopandana hadi kukaribia theluji, kisha akarudi ndani. Lilikuwa shamba kubwa kuliko yote bondeni, na lenye tambarare ndogo kuliko yote. Mkewe, Burulkan, alikwisha kuacha kumuuliza kule nje ameona nini.

Trekta yao ya zamani ilipinduka na Ryskeldi kiangazi kilichopita. Mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti, na trekta ikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Jirani yao Omurzak aliwakatia nyasi baada ya kumaliza zake, mvua ikiwa imeshazinyeshea, na zile nyasi nyeusi hata kondoo walizinusa wakageuza vichwa. Katikati ya baridi walilazimika kuuza nusu ya kundi kwa bei ya kutupa. Sasa walikuwa wameuza na ng'ombe, wakabakiza mmoja tu wa maziwa, mtoto wao Ernis ametuma alichojaliwa kutoka Moscow, na fedha za kununulia trekta zilikuwa tayari. Kilichobaki kilikuwa kuchagua, na hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

Siku hiyo Kalmurat, mdogo wake Ryskeldi, aliwasili wakati wa chai akiwa na picha ndani ya simu. Kalmurat aliuza vipuri mjini, na kwa sababu hiyo alijihesabu bingwa wa kila kitu chenye magurudumu.

"Kaka, hebu tazama mambo haya," alisema, akiisukuma simu katikati ya maandazi na bakuli la siagi. "Nyekundu! Kibanda cha vioo, kiyoyozi, redio. Ukiipitisha barabarani, hata mgonjwa atatoka kitandani aje kuangalia."

"Nguvu zake?"

"Nguvu? Hii ukiifunga kamba kwenye shule, inaing'oa na msingi wake."

"Sisi tunataka kukata nyasi, shemeji," Burulkan alisema. "Shule waachie watoto."

"Shemeji, mtu mwenye ardhi kama hii hanunui toroli. Watu wameshasema ya kutosha juu ya nyumba hii."

Neno hilo lilimwingia Ryskeldi kama mwiba. Aliishika simu, akaisogeza mbali na macho, akaitazama ile trekta nyekundu kwa muda mrefu. Alijiona amekaa ndani yake, juu, nyuma ya vioo, na watu wote wako chini.

Jazgul, mke wa Ernis, alikuwa amekaa karibu na mlango, kitambaa cha mwanamke aliyeolewa kimefungwa kichwani, akimimina chai kama inavyompasa mkaza mwana. Alimpa mkwe wake bakuli lake la chai kwa mikono miwili.

"Baba," alisema taratibu, "nani ataiendesha?"

Kwa wiki nzima walikuwa wamezungumza rangi, bei na nguvu, na hakuna aliyeliuliza swali hilo.

"Ernis! Nani mwingine?" Kalmurat akadakia.

"Ernis amechukua kazi nyingine hukohuko, baba mdogo. Mwaka huu harudi."

"Basi tutatafuta dereva."

"Wapi?" Burulkan akauliza. "Wenye nguvu zao wote wako Moscow wanajenga nyumba za watu. Waliobaki hapa, nusu ni wazee na nusu ni walevi."

Jazgul aliyainamisha macho kwenye birika. "Nitaendesha mimi. Kwetu nimekata nyasi za baba yangu tangu sijaanza kufunga kitambaa."

Kalmurat alicheka mpaka chai ikamwagika magotini. "Kaka, umesikia? Huyu apande Sary-Bet! Mlima uliokushinda wewe! Ehee, mwanangu, na usukani utaufunga kitambaa?"

Ryskeldi alihisi masikio yakimwaka. Alimpenda Jazgul kama binti yake wa kumzaa, lakini kuambiwa naye hayo mbele ya Kalmurat, na yeye amekaa na kipande cha mguu kimefunikwa kwa blanketi, kulimuuma kuliko alivyotarajia.

"Mimina chai, binti yangu," alisema.

Jazgul alimimina. Mgeni alipoaga, vyombo vilioshwa kwa kelele ambazo havikuzoea.

"Umemfunga mdomo mtoto wa watu," Burulkan alimwambia mumewe walipobaki peke yao.

"Nimefanya nini? Nimesema amimine chai."

"Ndivyo hivyo ulivyomfunga." Alikung'uta makombo ya maandazi kwenye kiganja. "Mzee, ile trekta haikukuangukia kwa sababu ilikosa redio."

&nbsp;

Siku mbili tatu zikapita, na nyasi hazikungoja. Ryskeldi alienda dukani, si kwa shida ya chumvi wala kibiriti, bali kwa kuwa alijua atamkuta Omurzak pale. Alimkuta kweli, ameegemea kaunta pamoja na wanaume wengine.

"Jirani," alimwambia baada ya salamu, "trekta yangu ikichelewa, mwaka huu utanikatia lini?"

"Nikimaliza zangu."

"Utamaliza lini?"

"Mungu ndiye ajuaye." Omurzak aliwatazama wenzake. "Halafu unisamehe, mzee wangu. Vile vilima vyako vinakula trekta. Yako vimeshaitafuna, na yangu nivipelekee?"

Watu walicheka huku wakichungulia ndani ya mifuko yao. Ryskeldi naye alicheka, maana kutocheka kungekuwa vibaya zaidi. Alinunua chumvi asiyoihitaji akatoka. Njiani gongo moja lilizama kwenye tope la mfereji, akasimama hapo akilivuta, na hakugeuka nyuma kuona kama wanamtazama kutoka mlangoni. Alijua wanamtazama.

Alipofika nyumbani, Jazgul alikuwa akikamua.

"Kesho vaa viatu vya kazi," alimwambia. "Tunakwenda mjini."

Mikono ya Jazgul ilitulia kwenye chuchu za ng'ombe. "Kununua, baba?"

"Kutazama. Kalmurat atakuwepo, kwa hiyo usizungumze mpaka nikuulize."

"Na usiponiuliza?"

Ryskeldi alimtazama. Hakuna mkaza mwana aliyewahi kumjibu hivyo katika nyumba ile, na alishangaa kuona hakukasirika. "Nitakuuliza," alisema.

&nbsp;

Muuzaji wa matrekta, mwanamume mnene aitwaye Talant, alimsalimu Ryskeldi kwa mikono miwili, akamsalimu Kalmurat vilevile, kisha akamgeukia Jazgul. "Dada, mle ofisini kuna kiti na chai. Kapumzike, sisi tuongee."

"Sijachoka," Jazgul alijibu, akaenda zake kati ya mashine.

Ile nyekundu ilisimama mbele kabisa ya uwanja, imeoshwa, inameta. Ryskeldi alitaka kuipanda. Ngazi yake ya kwanza ilikuwa juu ya goti, na mguu wa bandia aliouvaa kwa safari hiyo haukumbeba. Alijaribu, akateleza. Akajaribu tena, magongo yakaanguka yakapiga kelele kwenye saruji. Mwishowe Kalmurat alimsukuma matakoni kama mtu anayepakia gunia la viazi, huku Talant akimvuta kwa juu. Mafundi wawili waliokuwa karibu waligeuza nyuso zao pembeni, na heshima hiyo ilimchoma kuliko kama wangemkodolea macho.

Lakini alipokaa kitini, oh! Vioo pande zote, usukani mikononi, uwanja mzima uko chini yake. Kwa muda alikuwa tena yule Ryskeldi ambaye wenye mashamba walimngoja barabarani wakati wa kulima. Akatabasamu. Kisha akachungulia chini kuitazama ardhi, akaona ilivyo mbali, na mwili wake ukakumbuka kabla ya akili. Kiti kinamkimbia. Mbingu inakuja upande ambao ulipaswa kuwa na mlima.

"Kwenye mteremko hii ikoje?" aliuliza.

"Mzee, kwa nguvu hizi unapanda popote."

"Kupanda sikuuliza. Nauliza kukaa."

Talant alikuna shingo. Alikuwa mfanyabiashara, lakini si mwongo. "Kukaa... ni ndefu kwenda juu, mzee. Kwenye tambarare haina mfano. Huko milimani inategemea na dereva."

Ryskeldi alifungua mlango wa kioo, akaita kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia. "Jazgul! Wewe unasemaje?"

Jazgul alikuwa mwisho wa mstari, amechuchumaa akichungulia chini ya trekta moja fupi ya kijani iliyokaa kama chura. Aliinuka akajipangusa magoti.

"Mimi naona hii, baba. Ni fupi, tumbo lake liko chini, na magurudumu yake unaweza kuyatanua. Yanavuta yote manne. Na ina chuma cha kinga juu ya kiti."

"Hiyo?" Kalmurat alishika kiuno. "Hiyo ni ya bustani ya matofaa!"

"Itavuta mashine ya nyasi?" Ryskeldi alimuuliza Talant.

"Ya nyasi itavuta vizuri. Plau pia, ukienda taratibu. Ila tela lililojaa, kwenye mlima, sikudanganyi, itakubidi ugawe mzigo mara mbili."

"Nitakwenda mara mbili," Jazgul alisema.

Nyuma ya uwanja palikuwa na kilima cha nyasi kilichopanda mpaka kwenye mfereji wa zamani. Ryskeldi, aliyekwisha kuteremshwa kwa shida ileile aliyopandia, alikielekezea gongo lake. "Aijaribu pale."

"Mzee, hapo sitoi ufunguo. Mtu akinipindulia?"

"Mimi ungenipa?"

"Wewe ni dereva, mzee wangu."

"Mimi ni dereva niliyepindua. Huyu bado hajapindua. Mpe ufunguo."

Mafundi walicheka, na safari hii Ryskeldi alikuwa ndiye aliyewachekesha. Talant aliutoa ufunguo mfukoni kwa unyonge.

Jazgul alipanda, akawasha, akaelekea kilimani. Pale mwinamo ulipoanza trekta ilitikisika, injini ikakohoa, ikazimika. Mtu mmoja alipiga mluzi. "Chai, mwanangu! Rudi kwenye chai!" Kalmurat akapaza sauti. Ryskeldi aliona aibu, na papo hapo akaona aibu kwa kuona aibu.

Jazgul hakumtazama mtu. Alikisogeza mbele kiti, kilichokuwa kimewekwa kwa mtu mrefu, mpaka mguu wake ukaifikisha klachi chini kabisa. Akafunga mkanda, akawasha upya. Trekta ilipanda bila haraka, ikafika nusu ya kilima, kisha Jazgul akaikata kushoto akaenda kwa ubavu, na hapo Ryskeldi alisahau hata kushika magongo yake sawasawa. Macho yake yalikuwa kwenye gurudumu la nyuma la upande wa juu. Hilo ndilo linalosema kweli. Trekta inapotaka kukuacha, gurudumu hilo huwa jepesi kwanza, huanza kuzunguka ovyo kama lisilo na kazi. Hili halikuinuka. Lilizikandamiza nyasi mwendo wote, mpaka kona, na kurudi. Kisha Jazgul akateremka kwa gia ndogo, injini ikinguruma na kujizuia yenyewe, mguu wake ukiwa mbali na breki.

Aliposhuka uso ulikuwa mwekundu kama wa mtu aliyetoka kuogea maji ya moto.

"Klachi ni nzito kidogo," alisema.

"Utaizoea," Ryskeldi alijibu, na kwa maneno hayo trekta ikawa imenunuliwa.

Kalmurat alimvuta kando. "Kaka, fikiri vizuri. Ukoo wetu wote, ardhi yote ile, halafu turudi bondeni na hiki kifaranga? Watatucheka."

"Waache wacheke," Ryskeldi alisema. "Mwaka jana walinionea huruma. Kuchekwa nitakuweza."

&nbsp;

Walicheka kweli. Watu walifika kuitazama, wakala nyama ya kondoo aliyechinjwa kwa ajili yake, wakaibariki kwa viganja vilivyofunguliwa kama ilivyo desturi, na walipotoka langoni wakaiita trekta ya mkaza mwana. Burulkan aliwasikia. "Ndiyo yake," aliwajibu kutoka barazani. "Mnadhani tumemkodishia?"

Asubuhi ya kuanza kazi, Ryskeldi alivaa kofia yake ndefu nyeupe, ile ya sherehe, akamfuata Jazgul uani alikokuwa akikaza bolti za mashine mpya ya kukatia nyasi.

"Binti yangu," alisema, "nakuomba ukatukatie Sary-Bet."

Hivyo ndivyo dereva alivyoombwa zamani, wakati dereva alikuwa mtu wa heshima. Jazgul alilijua hilo. Aliweka spana chini na kumwinamia mkwe wake, na alipoinuka macho yalikuwa yamemlowa. Akapanda akaondoka, maana jua lilikuwa linapanda nalo.

Alianza na miteremko ya chini. Siku zilizofuata alisogea juu, kilima baada ya kilima, na nyuma yake nyasi zililala kwa mistari iliyonyooka, Burulkan na wanawake wa jirani wakizigeuza zikauke. Hewa nzima ya bonde ilinukia maua yaliyokatwa. Mvua haikuja. Watu waliokuwa wakipita barabarani kwa farasi wakaanza kusimama, mwanzo kidogo, kisha kwa muda mrefu.

Ilibaki sehemu ya juu, bega la Sary-Bet, pale ambapo Ryskeldi aliangukia. Siku ya bega hilo palikuwa na kundi zima barabarani. Kalmurat alikuja na gari kutoka mjini, na Omurzak alikaa juu ya jiwe na mbegu za alizeti kiganjani. Ryskeldi hakukaa. Alisimama ameegemea magongo, akilifuata kwa macho lile doa la kijani lililotembea kwa ubavu juu kule, likienda na kurudi.

Karibu na kilele trekta ilisimama. Walimwona Jazgul akishuka, akatembea ndani ya nyasi, akakanyaga ardhi kwa kisigino hapa na pale, akainama akashika udongo. Kisha akarudi kitini, akainua mashine ya kukatia, akaigeuza trekta polepole. Nyuma yake aliacha ukanda mzima wa nyasi ndefu, bora kuliko zote, zikiyumba na upepo.

"Ah! Ameogopa!" Omurzak akasema, akitema maganda. "Nimewaambia mimi."

"Kaka, mpungie mkono amalizie," Kalmurat alisema. "Nyasi tamu zote zile! Wewe ulikuwa unazikata kila mwaka."

Ryskeldi alikuwa bado anautazama ule ukanda. Chini yake kulikuwa na chemchemi, na udongo wake juu ulikuwa mkavu na ndani ulikuwa uji. Alilijua hilo mwaka jana pia. Alilijua, na alikuwa na watu barabarani wanaomtazama, kama leo.

"Amesimama palepale ambapo mimi sikusimama," alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini wote walisikia. Kalmurat aliutazama mguu wa kaka yake, kisha ule ukanda.

"Ule ukanda tutaukata kwa mundu, kama wazee wetu," Ryskeldi aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa na uchangamfu ambao mdogo wake hakuwa ameusikia tangu hospitali. "Kesho. Omurzak, wewe mundu unaujua. Njoo, kutakuwa na nyama na maziwa ya farasi. Kalmurat, na wewe utavua hayo mashati ya mjini."

"Nitakuja, mzee," Omurzak alisema. Alikung'uta viganja vyake, akatazama mlimani. "Mistari yake imenyooka, lakini. Hilo nalikubali."

"Unalikubali! Hata usipolikubali imenyooka."

Watu wakacheka, na Omurzak akacheka nao.

Simu ililia mfukoni mwa Ryskeldi. Alikuwa Ernis, uso wake umejaa kwenye kioo, kofia ngumu ya ujenzi kichwani, nyuma yake nondo na kelele za winchi.

"Baba, salama? Nasikia ngurumo. Mmeanza kukata?"

"Tunamalizia. Tazama."

Mzee aliigeuza simu kuelekea mlimani. Mistari ya nyasi ilishuka kutoka begani mpaka barabarani, na katikati yake trekta ndogo ilikuwa inakata kona.

"Ile ni Sary-Bet!" Ernis alisema. "Nani yuko juu ya trekta?"

"Mkeo."

Ernis aliisogeza simu yake karibu na macho.

"Baba... na wewe ukamruhusu?"

"Sikumruhusu. Nilimwomba."

Ryskeldi hakuigeuza simu. Aliendelea kuishika juu, mkono umenyooka, gongo moja likiwa limeanguka miguuni bila yeye kujali. Kule mlimani Jazgul alishusha tena mashine, na nyasi zikaanza kulala mbele ya macho ya mumewe, bila haraka, mstari ukifuata mstari.

"Baba," Ernis alisema mwishowe, na sauti ilikuwa imembadilika. "Nipe niongee naye."

Ryskeldi aliirudisha simu usoni mwake, akaikalisha vizuri kofia yake nyeupe.

"Ana kazi," alisema. "Piga jioni."